Waridi Lililokimbia Wudhuu

Sabiha hakukusudia kumnusa mtu. Alikuwa kwenye foleni ya povu la maziwa pale sokoni Chowk, Lucknow, asubuhi moja ya Disemba yenye ukungu mzito hata lango kuu la soko likaonekana nusu. Watu walijikunyata kwa baridi, kila mmoja akingoja kibakuli chake cha majani kilichojazwa lile povu jepesi la zafarani, ambalo jua likipanda kidogo tu huyeyuka likawa si kitu. Wauzaji walipiga kelele, pikipiki zilipiga honi, na katikati ya moshi wa mkaa na harufu ya mikate ya tanuri, pua ya Sabiha ikanasa kitu.

Karafuu. Iliki. Zafarani iliyolala juu ya mafuta ya sandali. Na chini kabisa kitu cha joto, kama ngozi ya mtu aliyetoka juani.

Akakifuata. Macho ameyafumba, shali ya sufi imemteleza begani, akasogea hatua moja, akasogea ya pili, mpaka pua yake ikabakiwa na nafasi ya kidole kimoja tu kufika kwenye bega la sweta la kahawia.

"Dada," mwenye sweta akasema bila kugeuka, "niiname kidogo, au hapo panatosha?"

Sabiha alifumbua macho akatamani ukungu umfunike. Mtu yule aligeuka. Alikuwa kijana mrefu mwenye ndevu zilizokatwa vizuri, skafu nyekundu shingoni, na macho yaliyokwisha kuanza kucheka kabla ya mdomo.

"Samahani sana, kaka. Ni hiyo shamama uliyojipaka, huo uturi wa viungo. Sijapata kuisikia iliyo nzuri hivyo."

"Nzuri tu? Haina kasoro?"

Mwingine angesema haina, akachukua povu lake akaenda zake. Sabiha hakuumbwa hivyo. "Zafarani imezidi kidogo. Si sana. Kama mgeni aliyekaa nusu saa zaidi ya alivyotakiwa."

Kijana akamtazama, tabasamu likasimama njiani. "Hebu sema tena."

"Niseme nini?"

"Lolote. Hesabu moja mpaka kumi." Kisha akapiga kofi paja lake. "Wallahi ni wewe! Wewe ndiye Kutwa Mkononi!"

"Shh! Punguza sauti, bwana wee, watu wote wanatazama!"

Ni kweli alikuwa yeye. Mchana Sabiha alipima macho ya watu katika duka la miwani mtaa wa Hazratganj, kanzu nadhifu na nywele zimebanwa. Lakini mara moja kwa wiki alijipaka uturi mmoja mkononi asubuhi, akakaa nao mpaka jioni, na kila baada ya saa chache akanong'onea simu yake alichokinusa. Hakuonyesha sura wala hakuuza kitu. Maelfu ya watu walimsikiliza, wakaiita sauti yake kwa jina la kipindi chake: Kutwa Mkononi. Akisifu uturi wa mkadi wa mtu, duka lile linajaa. Akinyamaza juu ya hina ya mtu, watu wanaelewa.

"Naitwa Naushad," kijana akasema. "Povu la leo nalipa mimi. Kwa sharti moja: unieleze hiyo zafarani ilinikaliaje vibaya."

Walikula wamesimama, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na walipomaliza wakakuta hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuondoka.

"Na wewe unafanya kazi gani?" Sabiha aliuliza.

Naushad alikunja kibakuli chake kitupu. "Mimi? Nahangaika na masufuria ya shaba."

"Fundi?"

"Fundi, mpagazi, mwoshaji. Lolote linalotokea."

Tangu siku ile Sabiha akamwita Bwana Sufuria, naye akamwita Pua. Simu zikaanza. Sabiha akiwa anapima macho ya mzee wa watu, simu inatetemeka mfukoni: "Pua, niambie sasa hivi unanusa nini." Naye anajibu chini chini: "Dawa ya kufutia vioo na mteja aliyekula vitunguu. Niache nifanye kazi, roho yangu." Siku za mapumziko Naushad huja kwa basi kutoka Kannauj, mwendo wa saa mbili, na kila akija viganja vyake vina harufu ya shaba, moshi na maua yasiyojulikana. Sabiha alidhani ndiyo hali ya Kannauj, mji wa wapika uturi, ambao hata mitaro yake ya maji husemekana kunukia. Hakuuliza zaidi.

Mama yake, Bi Raisa, aliyeshona nguo za watu kwa cherehani iliyowekwa chini ya dirisha, alikuwa akisikia vicheko vya simu akasema bila kuinua kichwa, "Huyo wa shaba ana mama? Au nimsubiri mpaka macho yangu yahitaji miwani yako ndiyo nimwone?"

"Mama, bado."

"Bado, bado. Sufuria likikaa motoni sana linatoboka."

Mwezi wa Machi binamu yake aliolewa, na kila mgeni wa kike akapewa kichupa cha uturi kama zawadi. Kilikuwa na kifuniko cha kioo na karatasi ya rangi ya waridi iliyoandikwa: Gulbahar, kutoka kiwanda cha Mzee Mustaqim, Kannauj. Sabiha alikibusu. Marehemu bibi yake alikuwa akijifunga kipamba cha Gulbahar sikioni kila Idi, na akilitaja jina la Mustaqim alivuta kwanza mtandio kichwani kwa heshima.

Ijumaa ile akajipaka, na jioni akakitoa kipindi.

"Ndugu zangu, leo nimevaa waridi ambalo bibi yangu alilivaa. Saa moja asubuhi limeingia kwa mbwembwe, limejipodoa, linacheka kwa sauti. Nimefurahi. Saa tatu limechoka. Nimejiambia, ngoja, pengine linapumzika. Saa sita unusu nimetawadha. Mnajua uturi wa kweli hauogopi maji. Unatawadha nao, unasali nao, unasujudu unaukuta pale pale. Huu umekimbia wudhuu. Na saa tisa nimeinua mkono, nimekuta cherehani ya mama yangu. Ndugu zangu, chini ya waridi hili hakuna sandali. Ni mafuta ya mashine. Nimesema nilichokinusa kwenye ngozi yangu. Ya ngozi yako utaniambia wewe. Imeniuma kusema."

Kufikia Jumapili kipindi kilikuwa kimesambaa mji mzima. Simu ya Naushad ikaingia Sabiha akiwa anaanika nguo darini.

"Bwana Sufuria! Umenisikiliza?"

"Nimekusikiliza mara nne."

"Mbona sauti hivyo? Unaumwa?"

"Sabiha." Hakumwita Pua. "Mzee Mustaqim ni baba yangu."

Shuka lililolowa lilimponyoka likaanguka miguuni. "Baba yako? Si uliniambia unahangaika na masufuria?"

"Ya shaba. Tunapikia waridi ndani yake. Hukuniuliza tunapika nini."

"Ah! Kwa hiyo kosa langu! Miezi mitatu, Naushad! Miezi mitatu unanipa povu la maziwa, unaniita Pua, kumbe unanilainisha ulimi nije niisifu chupa ya baba yako?"

"Nilikuficha ili usije ukanipenda kwa chupa au ukanichukia kwa chupa! Nilitaka unipende mimi! Na wewe je? Maduka manne yamerudisha mzigo tangu jana. Mzee wangu hajatoka chumbani. Huyo mtu ana miaka arubaini na sita katika kazi hii, na wewe umemwita mafuta ya mashine mbele ya dunia."

"Sikumwita yeye. Nimesema kilichokuwa mkononi mwangu."

"Pua yako imekosea."

"Pua yangu haijakosea."

"Basi niliyekosea ni mimi," Naushad akasema, na simu ikakatika.

Sabiha alikaa pale darini mpaka nguo zilizokwisha kuanikwa zikaanza kukauka. Bi Raisa akapanda, akamwona, akaokota shuka lenye vumbi bila kugomba.

"Mama, niliyemsema ni baba yake."

"Nimesikia. Mtaa mzima umesikia." Akaketi kando yake. "Ulichokinusa, ulikinusa?"

"Ndiyo."

"Basi lia. Lakini kipindi usikifute."

Hakukifuta. Wala hakutoa kingine. Siku ya tatu shaka ikamwingia. Akanunua chupa nyingine ya Gulbahar katika duka jingine, akajipaka mkono wa kushoto, asije akaambiwa ule wa kulia una chuki. Saa tisa cherehani ikarudi. Alitamani isirudi. Alikuwa tayari kuomba radhi mbele ya maelfu ya watu kama tu mkono wake ungemruhusu. Kazini aliwaandikia wateja namba za miwani, akakumbatia simu isiyotetemeka.

Siku ya tisa ukaingia ujumbe wa sauti. Ulikuwa mrefu. Sabiha aliufungua chumba cha kupimia macho, mlango ameufunga.

"Saa moja asubuhi," sauti ya Naushad ilisema, nzito kidogo, kama mtu anayesoma mbele ya darasa. "Nimejipaka waridi la baba yangu. Nililelewa ndani ya harufu hii, kwa hiyo sikuwahi kuinusa. Ni nzuri. Saa tatu... Saa tatu sijui niseme nini. Limepungua. Saa sita na nusu nimetawadha." Nyuma alisikika njiwa. "Limeondoka na maji, Sabiha. Saa tisa. Sina cherehani nyumbani, lakini tuna baiskeli. Mnyororo wa baiskeli. Nisamehe."

Alimpigia kabla ujumbe haujaisha vizuri.

"Naushad."

"Pua." Sauti ilikuwa imechoka. "Nimempelekea mzee. Nimemwambia baba, nusa hiki kipamba. Nilikuwa nimekichovya kwenye mkadi, si waridi. Mkadi, Sabiha, ambao ukifungua kizibo jirani anajua. Akanusa, akafumba macho, akasema, 'Waridi, la wiki iliyopita, zuri sana.'"

Sabiha aliziba mdomo.

"Nikamwambia, baba, ni mkadi. Akakaa chini pale pale penye majivu. Akasema, 'Miaka miwili, mwanangu.' Tangu ile homa iliyomlaza hospitali. Iliondoka na pua yake, naye akaona aibu kutuambia. Alikuwa akipika kwa kukumbuka. Na mtu anayetuletea mafuta ya sandali aligundua kabla yetu sisi watoto wake. Alimpa kitu kibovu anuse, mzee akatikisa kichwa akasifu. Basi tangu hapo akaleta kibovu tu."

"Maskini mzee wa watu. Na mimi nikamwita..."

"Hukumwita kitu. Ungenyamaza, tungeendelea kuwauzia watu mafuta ya mnyororo kwa jina lake mpaka anakufa." Akavuta pumzi. "Anakutaka."

"Nani?"

"Mzee. Amesema, 'Niletee huyo msichana wa cherehani.' Sijui kama ni kwa heri. Njoo na mama yako, akianza kukutukana awepo wa kukutetea."

Walikwenda Jumapili iliyofuata. Bi Raisa alivaa shali yake ya harusi, Sabiha akavaa kanzu ya kijani kibichi iliyodariziwa kwa uzi mweupe, mikono haina uturi hata tone. Ua wa kiwanda ulikuwa umejaa magunia ya waridi yaliyoletwa alfajiri, na juu ya matanuri ya matofali yalikaa madegi, yale masufuria ya shaba, makubwa ya kutosha mtu mzima kuingia ndani, vifuniko vimezibwa kwa udongo. Kutoka kila degi ulishuka mwanzi mrefu uliofungwa kamba za majani, ukaingia kwenye mtungi uliozamishwa ndani ya maji. Moto ulikuwa wa kuni. Naushad alisimama karibu na lango, hana sweta wala skafu, shati limeloa jasho, akamtazama Sabiha kama mtu aliyesahau jina lake mwenyewe.

"Umekonda," akasema.

"Na wewe umeungua. Baba yako yuko wapi?"

Mzee Mustaqim alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba kivulini, kofia nyeupe, ndevu nyekundu kwa hina. Aliitikia salamu, akamkaribisha Bi Raisa kwa heshima zote, kisha akamgeukia Sabiha.

"Wewe ndiye uliyesema waridi langu linanuka cherehani?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Umekosea."

Watu wa matanuri waliacha kuchochea kuni. Naushad akapiga hatua mbele. Mzee akainua kidole kumzuia.

"Cherehani hutiwa mafuta safi," akasema. "Haya niliyouziwa mimi, hata cherehani ingekataa."

Bi Raisa ndiye aliyeanza kucheka, kicheko chake kile cha tumbo, na ua wote ukamfuata. Lakini mzee mwenyewe hakucheka sana. Alichukua kichupa kilichokuwa kando yake, akachovya ncha ya kijiti cha kioo, akashika mkono wa Sabiha kwa uangalifu wa mtu anayeshika yai, akapaka mstari mmoja.

"Hili limetoka juzi. Sandali mpya, ameichagua Naushad. Niambie."

"Nikuambie nini, mzee?"

"Kila kitu. Usinionee huruma."

Mzee akafumba macho. Sabiha akainua mkono. Alikuwa amezungumza na maelfu ya watu bila kuogopa, lakini sauti yake sasa ilitetemeka mbele ya mtu mmoja.

"Mwanzo ni maji. Waridi lenye umande, halijapigwa na jua. Halafu linafunguka, linakuwa... kama tunda, mzee. Kama tunda la kunazi lililoiva. Chini yake maziwa. Sandali ni maziwa ya moto, yametulia, hayana haraka. Na kuna kitu cha kijani. Kidogo. Kama bua lililovunjwa."

"Kijani kiko wapi? Mwanzo au mwisho?"

"Katikati."

"Moto," mzee akasema, macho bado amefumba. "Saa ya pili moto ulikuwa mkali, vikonyo vikaungua. Naushad, nani alikuwa kwenye degi la tatu?"

"Mimi, baba."

"Najua ni wewe. Ulikuwa unaangalia simu."

Machozi yalimtoka mzee taratibu, yakaingia katika zile ndevu nyekundu, na hakuyafuta. "Endelea, binti yangu. Sijasikia waridi siku nyingi."

Sabiha akaendelea. Alimweleza mpaka mkono wake ulipokwisha maneno. Kisha mzee akamwambia awashe simu, atoe kipindi, na akasema mwenyewe kwa kinywa chake: "Mimi ni Mustaqim wa Kannauj. Pua yangu ilikufa miaka miwili iliyopita nami nikaona haya kusema. Aliyoyasema binti huyu ni kweli. Mwenye chupa ya Gulbahar ya miaka hiyo ailete, nitampa ya msimu huu. Nawaombeni radhi." Akairudisha simu. "Sasa njoo ufanye kazi kwangu. Uwe pua ya kiwanda hiki. Taja mshahara."

Sabiha alimwangalia Naushad. Naushad alikuwa anaangalia viatu vyake. Akaomba ruhusa ya kufikiri, akatoka nyuma ya magunia ya waridi, na haikupita dakika Naushad akamfuata.

"Utakubali?" akamwuliza.

"Wewe unataka nikubali?"

"Mimi..." Akashika waridi moja, akaanza kulichambua. "Nilikuwa na maneno yangu. Nimeyapanga siku zote hizi. Sasa mzee ameyaharibu. Nikikuambia leo, utasema hawa watu wamekosa pua, wametafuta ya kuoa."

"Na ningesema hivyo kweli."

"Unaona?"

"Ndiyo maana simkubalii baba yako." Sabiha akamnyang'anya lile ua lililobaki vipande. "Akinilipa, siku nyingine nitanusa mnyororo wa baiskeli nikauita waridi. Ulimi wangu nautaka huru. Nitakuja kila Jumapili, bure, nimweleze mzee anachokipika, na kikiwa kibaya nitasema kibaya. Huo ndio utakuwa mpango wangu na yeye."

"Na mimi?"

"Wewe ni habari nyingine. Wewe nakuchukua."

Naushad alibaki na mikono hewani. "Unani... unaniposa?"

"Nakujibu kabla hujauliza, laazizi, maana wewe ukiachiwa unachelewa. Lakini nina neno. Usinifiche tena jambo kwa ajili ya kunipendeza. Hata liwe dogo. Nina pua, nitalijua, na litaniuma mara mbili."

"Sitakuficha." Akameza mate. "Basi nianze leo. Ile zafarani ya Disemba niliitia mimi. Ilizidi, nami nilijua imezidi."

Sabiha akacheka mpaka akaegemea gunia, na gunia likainama, na wote wawili wakajikuta wamesimama ndani ya waridi mpaka vifundoni.

Walirudi kivulini wakijikung'uta, wamejitayarisha kwa hotuba. Hawakuwahi kuitoa.

"Mmechelewa," Bi Raisa akawaambia. "Tumekwisha malizana. Harusi ni mwezi wa mfunguo mosi. Kinachotushinda ni biriani tu. Huyu mzee anataka mpishi wa Kannauj, na mimi siwezi kuwalisha watu wa Lucknow biriani ya Kannauj, nitahama mji."

"Ina kasoro gani biriani yetu?" mzee akafoka.

"Haina kasoro. Haina chumvi pia."

"Mama!" Sabiha akasema. "Baba!" Naushad akasema. Hakuna aliyewasikiliza. Mzee alikuwa amefungua kinywa kujibu, ghafla akakiacha wazi. Akainua kidole. Ua wote ukanyamaza.

"Degi la pili," akasema. "Linalia."

Sabiha hakusikia kitu, ila kuni zikipasuka. Kisha naye akasikia: mlio mwembamba wa shaba, kama mtu anayeimba amefunga mdomo.

"Linaungua! Mnakaa kunitazama? Vitambaa vya maji! Wewe na mkeo, kimbieni!"

Wakakimbia. Naushad alichota maji, Sabiha akatupa viatu pembeni, akakunja mikono ya kanzu yake ya kijani, wakatandaza vitambaa vilivyolowa juu ya degi linalofoka mvuke, huku nyuma yao mzee akipiga kelele, "Polepole! Upande wa kushoto! Kushoto, binti yangu, kushoto!" na Bi Raisa akiuliza kwa sauti ni nani atakayelipia kanzu hiyo.